SOMO: Konyeza na matumbawe, jinsi ya kupima ulinganifu wa miili yao

Kidato cha tano mlio Moshi na Arusha, bahari iko mbali, kwa hiyo tunatumia karatasi, penseli, kifutio na mkasi.

Hatua ya 1. Kata duara, weka nukta katikati. Huo ni mdomo. Nidaria, yaani kundi la konyeza, matumbawe na anemoni, hana kichwa wala mkia. Ana upande wenye mdomo na upande usio nao, basi.

Hatua ya 2. Mchore konyeza aina ya Aurelia: maumbo manne ya nusu duara kuuzunguka mdomo. Hivyo ni viungo vya uzazi, na kwa mnyama hai vinaonekana kabisa kupitia mwili wake. Zungusha karatasi robo: mchoro uko vilevile. Huo ni ulinganifu wa mviringo.

Hatua ya 3. Kwa matumbawe, chora polipu mmoja tu, yaani mnyama mmoja mdogo wa tumbawe. Matumbawe magumu yana minyiri sita au vigawe vya sita. Yale laini yana minyiri minane.

Hatua ya 4. Hapa msikimbie. Chukua duara jipya, umchore anemoni wa baharini. Nje ni mviringo, lakini mdomo wake ni mwanya mrefu, kwa hiyo futa nukta, chora mstari. Wengi wana mfereji wa kuingizia maji kwenye ncha ya mwanya. Mfereji ukiwa kwenye ncha moja tu, kuna mkunjo mmoja pekee unaolalisha nusu sawasawa: pande mbili, kama sisi! Utafiti wa 2004 juu ya anemoni Nematostella ulikuta jeni za Hox, zinazopanga sehemu za mwili, zikifanya kazi upande wa ncha moja ya mwanya huo. Ndiyo maana jibu la "nidaria wote ni wa mviringo" silipendi, hata likipewa alama.

MASWALI

Dada wa Soweto: Shikamoo mwalimu. Kiti cha pweza naye yumo?
– Marahaba. Hayumo kwenye nidaria. Mikono mitano ni ya ukubwani. Lava wake, yaani mtoto wake, ana kushoto na kulia.

Mdau wa Njiro: Mkuu, konyeza akikatwa mikono si anapinda?
– Aurelia mchanga ana mikono minane. Utafiti wa 2015 ulionyesha kwamba haoteshi mipya. Iliyobaki husogea hadi iachane sawa, ikisukumwa na misuli yake anapopiga maji. Huchukua siku chache tu.

Kaka wa Majengo: Mbona tumbawe nililoona Tanga limekaa hovyo?
– Uliona koloni, kaka, yaani polipu wengi walioungana. Mnyama ni kila kitundu. Chukua lenzi, hesabu kuta za ndani.