Jinsi ya kuendesha gazeti huru la mbio za farasi wa vigari bila kufa njiani

Kinachoua magazeti huru ya mbio hizi ni chanzo cha pesa. Wanaolipia matangazo ndio hao hao wanaoandikwa: wenye viwanja, wenye madume ya mbegu, makampuni ya minada. Kwa hiyo panga mapato kabla ya kuandika habari ya kwanza. Maelezo haya ni ya Marekani na Kanada, ambako farasi wa aina ya Standardbred hukokota kigari cha magurudumu mawili chenye mwendeshaji mmoja, kwa kawaida maili moja, kwa mwendo wa troti (mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mwingine huenda pamoja) au wa pesi (miguu ya upande mmoja huenda pamoja). Akianza kupiga shoti amevunja mwendo na lazima arudishwe kwenye mwendo wake. (Farasi wa Ngong, Nairobi, hupandwa mgongoni na shoti ndiyo kazi yao; huo ni mchezo mwingine.)

Pesa

Anza na wasomaji wa kulipia. Tuseme unatoza dola 8 kwa mwezi. Makampuni ya kupokea malipo ya kadi Marekani kwa kawaida hukata karibu asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila malipo, hivyo kwako zinabaki kama dola 7.47. Wasomaji 400 wanakupa chini kidogo ya dola 3,000 kwa mwezi. Sasa uza mwaka mzima kwa dola 80: makato ni dola 2.62 mara moja, badala ya dola 6.38 kwa miezi kumi na miwili. Faida kubwa zaidi ni kwamba kadi inaguswa mara moja tu. Wasomaji wengi hawaondoki kwa hasira. Kadi imeisha muda, malipo yamekataliwa, na hakuna aliyewaambia. Watumie ujumbe wiki mbili kabla ya kadi kuisha, na mwingine siku malipo yanapokataliwa. Kazi hii iwe ya mtu mmoja anayejulikana, si ya yeyote atakayepata nafasi.

Matangazo yapokee, ila kwa masharti ya maandishi: yanalipwa kabla ya kuchapishwa, mteja haoni habari kabla ya wasomaji, na hakuna mteja mmoja anayezidi asilimia 15 ya mapato ya mwaka. Kiwango hicho cha 15 kina sababu yake. Mteja wa asilimia 40 akijitoa, unafunga. Wa 15 akijitoa, unabana matumizi na kuendelea. Naye anajua hivyo, ndiyo maana hatathubutu kukutisha.

Jua pia majira. Matangazo ya madume huja kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa kuwa msimu wa kupandisha huanza katikati ya Februari. Ya minada ya watoto wa farasi wa mwaka mmoja huja Agosti hadi Oktoba, kuelekea mnada wa Lexington, Kentucky, mwezi Oktoba na ule wa Harrisburg, Pennsylvania, mwezi Novemba. Mei, Juni na Julai ni miezi mikavu, na hapo ndipo kazi inapozidi: mbio za North America Cup katika uwanja wa Mohawk, Ontario, kisha matayarisho ya Hambletonian, inayokimbiwa Agosti katika uwanja wa Meadowlands, New Jersey. Asiyeweka akiba ya miezi mitatu ya mishahara kufikia mwisho wa Aprili hukopa Juni, na mara nyingi anayemkopesha ni mtu wa ndani ya mchezo.

Pesa za makampuni ya kamari zinazolipwa kadiri ya hasara ya wachezaji uliowapeleka, zikatae kabisa. Zinakufanya ufaidike msomaji wako anapopoteza. Na mwandishi asiweke dau kwenye mbio anazoziandikia.

Andika kile uwanja hautakiandika

Matokeo na sifa za washindi hutolewa bure na viwanja vyenyewe, kwa hiyo hakuna atakayelipia hayo peke yake. Watu hulipia yale yasiyosemwa na mwenye uwanja. Kila mwezi weka kwenye jedwali moja: siku za mbio zilizoombwa na zilizokubaliwa, wastani wa farasi kwa kila mbio, jumla ya madau, na sehemu ya zawadi inayotoka kasino. Jedwali hilo likiwa la miaka miwili litakuonyesha mapema uwanja unaokufa, kabla ya tangazo rasmi.

Usikae uwanjani tu. Nenda bungeni na kwenye vikao vya mipango miji. Mwaka 2021 Florida ilipitisha sheria iliyoruhusu viwanja vya mbio za vigari kubaki na kasino bila kuendesha mbio, na Aprili 2022 uwanja wa huko wa Pompano Park ukakimbiza mbio zake za mwisho. Ontario ilitangaza Machi 2012 kwamba mpango wa kugawana mapato ya mashine za kamari na viwanja utaisha, na ukaisha 31 Machi 2013. Mara zote mbili habari ilikuwa ndani ya nyaraka za serikali wakati wafugaji wangali wanapandisha farasi wa kukimbia miaka mitatu baadaye.

Nyaraka ziombe kwa maandishi, ukitaja kipindi na aina ya hati. Sheria ya New York inataka ofisi ikujibu kwanza ndani ya siku 5 za kazi, hata kama ni kukuambia wamepokea. Ya New Jersey kwa kawaida inatoa siku 7 za kazi. Ombi la “kila kitu kuhusu uwanja” hukataliwa. La “barua kati ya tume ya kusimamia mbio na uwanja kuhusu idadi ya siku za mbio, Januari hadi Machi” hujibiwa.

Makosa ya saa

Muda huandikwa kwa sehemu za tano za sekunde. 1:52.1 maana yake ni dakika 1, sekunde 52 na moja ya tano. Ukitumia kikokotoo cha kawaida utakosea. Kiongozi akipita robo tatu ya maili kwa 1:24.3 na kushinda kwa 1:52.1, robo yake ya mwisho ni 27.3, kikokotoo kitakuambia 27.8, na muda wa namna hiyo haupo, kwani tarakimu ya mwisho haizidi 4. Urefu wa farasi mmoja huhesabiwa kuwa moja ya tano ya sekunde. Aliyekuwa nyuma kwa urefu wa farasi 4 penye robo tatu, akamaliza nyuma kwa urefu 1, amekimbia robo ya mwisho kwa 27.0. Huyo ndiye wa kuandikwa, ingawa hakushinda.

Kosa lingine la wageni: zawadi ya dola 10,000 haiendi yote kwa mshindi. Mgawo wa kawaida ni asilimia 50, 25, 12, 8 na 5 kwa watano wa kwanza.

Habari za dawa

Hapa ndipo kesi zinapozaliwa. Katika kila uamuzi wa tume andika tarehe, namba ya kanuni, dutu iliyopatikana, kiasi chake, kama sampuli ya pili imepimwa, na kama rufaa imekatwa. Kaboni dayoksaidi ya damu, dalili ya farasi kunyweshwa bikaboneti ili asichoke haraka, hupimwa kwa kikomo ambacho sehemu nyingi ni milimoli 37 kwa lita. Taja kikomo na kipimo pamoja. Usiandike “mkufunzi alimpa dawa” pale uamuzi unaposema dawa ilikutwa mwilini. Kanuni humwajibisha mkufunzi kwa hali ya farasi wake hata bila kuthibitisha ni mkono wa nani, na tofauti hiyo ndiyo wakili wake atakayoishika.

Mtumie mkufunzi maswali kwa maandishi, mpe angalau saa 24, na uyahifadhi. Nunua bima ya vyombo vya habari kabla ya uchunguzi wa kwanza, kwa sababu kwa kawaida haifidii habari iliyokwisha kutoka. Ontario tangu 2015 na New York tangu marekebisho ya 2020 zina sheria za kuzima mapema kesi zinazolenga kunyamazisha watu, lakini hata ukishinda, wakili hutaka pesa kabla mahakama haijasema neno.

Halafu fuata shauri hadi mwisho. Machi 2020 waendesha mashtaka wa shirikisho huko New York waliwashtaki zaidi ya watu 20 wa mbio za farasi, wakiwemo wa mbio za vigari, na mashauri yalichukua miaka. Fungua faili kwa kila jina, weka tarehe za kikao kwenye kalenda, na hukumu ikitoka rudi kwenye habari ya kwanza uandike matokeo juu kabisa, kwa herufi za ukubwa ule ule, hasa kama mtu ameachiwa.