Kabla ya Leza ya Usoni, Omba Jaribio Dogo

Mwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde anayetaka kupunguza makovu ya chunusi kwa leza anapaswa kwanza kumuuliza daktari wa ngozi ni leza ya aina gani itakayotumika, kwa kuwa jibu hilo lina uzito kuliko bei. Leza ya kaboni dioksaidi, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, hugeuza maji yaliyomo katika tabaka la juu la ngozi kuwa mvuke, na joto linalobaki huweza kuzichochea chembe zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, zikaacha mabaka meusi yanayodumu kwa miezi mingi. Ile ya nanomita 1,550, inayopenya kwa vitone vidogo vidogo bila kuliondoa tabaka hilo, kwa kawaida ni salama zaidi kwetu, ingawa huhitaji awamu kadhaa.

Omba lijaribiwe eneo dogo lisiloonekana sana, kama nyuma ya sikio, kisha subiri wiki kadhaa kabla ya kukubali uso mzima, kwani mabaka hayajitokezi siku hiyohiyo. Mweleze daktari pia kama una historia ya keloidi (makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe), au ya malengelenge ya mdomoni, ambayo leza huweza kuyaamsha. Ikiwa bado unapaka krimu za kujichubua zenye steroidi, nakusihi uahirishe leza kabisa, maana krimu hizo huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuchelewesha kupona.

Baada ya matibabu, usibandue magamba, na upake kinga ya jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga hiyo) ya 30 au zaidi kila siku, hata kukiwa na mawingu.