Somo: jinsi Linux inavyoomba anwani ya IP (namba inayoitambulisha mashine kwenye mtandao), na namna ya kujua nani aliyeitoa

Juzi niliitwa kwenye saiba moja hapa Majengo. Kompyuta tisa, zote za Linux. Tano zinaingia intaneti, nne hazifungui kitu. Mwenye saiba alikuwa keshaanza kuandika anwani kwa mkono, mashine moja moja. Nilimsihi angoje. Ukiandika kwa mkono kabla ya kujua tatizo, umelifunika tu.

1. Tazama kadi ya mtandao. Andika `ip link`. Jina si lazima liwe eth0. Siku hizi mara nyingi ni kama enp3s0. Ukiona NO-CARRIER, yaani kadi haipati ishara kwenye kebo, shughulikia kebo kwanza.

2. Tazama anwani. `ip addr show enp3s0`. Neno "dynamic" maana yake imepewa kwa muda. Ikianza na 169.254, mashine iliomba ikakosa jibu, ikajipachikia yenyewe.

3. Sikiliza maombi. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayosema ukweli. Tumia tcpdump, programu inayoonyesha ujumbe unaopita kwenye kadi:

`sudo tcpdump -vni enp3s0 port 67 or port 68`

Kisha chomoa kebo, uirudishe. Utaratibu huu wa kuomba na kugawa anwani ni DHCP, ulioandikwa katika RFC 2131 (hati ya kanuni za intaneti) ya mwaka 1997. Mashine bado haina anwani, kwa hiyo inatoka kama 0.0.0.0 na kuwapigia hodi wote kupitia 255.255.255.255: nani anagawa anwani? (Discover.) Seva, yaani mgawaji wa anwani, ambaye mara nyingi ni ruta, inajibu: ipo hii, 192.168.1.23. (Offer.) Mashine: basi naiomba hiyo. (Request.) Seva: haya, ni yako kwa saa 24. (ACK.) Mashine inayokumbuka anwani yake ya jana huanzia kwenye Request.

Kule Majengo hodi ilikuwa moja, walioitikia wawili: 192.168.1.1 na 192.168.0.1. Kumbe mtu alichomeka ruta ya pili kwenye swichi ili waifai ifike chumba cha nyuma, nayo ikawa inagawa anwani na kujitangaza kuwa ndiyo njia ya kutokea, ilhali haina intaneti. Zile nne zilichukua jibu lake kwa sababu lilitangulia kufika. Tulizima ugawaji wa anwani kwenye ruta hiyo, tukachomoa na kurudisha kebo za zile nne, zote tisa zikafunguka.

4. Jua programu inayoomba. Ubuntu ya mezani hutumia NetworkManager; ya seva, systemd-networkd. Usiziachie mbili kadi moja, zitavutana.

Maswali

*Shikamoo fundi. Niko Likoni. Printa yangu hubadilika anwani kila baada ya siku kadhaa, mashine haziioni tena. Niiandikie kwa mkono?*

Marahaba. Afadhali uingie kwenye ruta uitengee anwani kwa namba yake ya MAC, ile namba ya kadi yake ya mtandao iliyowekwa kiwandani. Itaendelea kuomba kama wengine, ila itapewa ileile kila siku.

*Ruta ikizimika, mashine inapoteza anwani papo hapo?*

La, maadamu kebo au waifai haijakatika. Kwa mkataba wa saa 24, ikifika saa ya 12 inamwomba seva yuleyule aongeze muda. Akinyamaza, saa ya 21 inamwomba yeyote atakayesikia. Zikitimia 24 bila jibu, inaiachilia na kuanza tena hodi.