SOMO: Kusafisha bwawa la samaki lililochafuka bila kuua samaki wala kujiumiza

Wakuu habari. Bwawa la nyuma ya nyumba likichafuka unaliona tu, maji yanakuwa kijani kizito au meusi, yananuka kama yai viza, asubuhi samaki wako juu wanatweta midomo wazi. Naomba sana msikimbilie kumwaga maji yote na kujaza mapya siku hiyo hiyo, samaki wanaweza kufa hapo hapo kwa mshtuko.

Kwanza jua kilichoingia. Kama ni dawa ya wadudu au mafuta ya gari, hatua za chini hazikuhusu: samaki hao usile wala usiuze, maji usimwagilie mboga wala kuyaachia mtoni, tafuta afisa uvuvi au mazingira.

Kama ni mabaki ya chakula na kinyesi tu, acha kulisha siku mbili tatu, washa pampu ya hewa usiku na mchana. Vaa gumbuti na glavu ndefu, na kama una kidonda muachie mwingine, maana mkojo wa panya kwenye maji unaleta homa ya mgunda, na penye konokono kichocho kinaweza kuwepo. Pampu ya umeme chomoa kabla hujatia mkono.

Toa majani na samaki waliokufa, halafu punguza maji robo hivi, jaza taratibu, rudia baada ya siku moja au mbili. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye tanki wazi angalau siku nzima, ila kama watu wa maji wanatumia kloramini (dawa ya kuua vijidudu inayodumu kuliko klorini) hiyo haitoki kwa kukaa, tumia dawa ya kuondoa klorini.

Tope la chini ndio hatari kubwa. Ukilikoroga na samaki wamo, gesi yenye sumu inapanda na oksijeni inashuka ghafla, kwa hiyo lifyonze kwa mpira kidogo kidogo bila kulivuruga. Likiwa nene sana hamisha samaki kwenye tanki lenye maji yao yale yale na hewa, kausha bwawa mpaka udongo upasuke, ndio unyunyize chokaa ya kilimo. Chokaa hai (ile iliyochomwa, sio hiyo ya kilimo) inaunguza ngozi na macho, sio ya kushika mikono mitupu.

MASWALI

Mkuu chokaa si naweza kuweka samaki wakiwemo?
Subiri kwanza mkuu. Chokaa inapandisha pH (kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji), na pH ikipanda amonia iliyomo, ile sumu inayotokana na kinyesi na chakula kilichooza, inakuwa kali zaidi. Punguza amonia kwanza kwa kubadilisha maji.

Filta niioshe na sabuni?
Hapana ndugu, sabuni weka mbali kabisa. Suuza kwa maji ya bwawa lenyewe, mle kuna bakteria wanaokula amonia, ukiwaua unaanza upya.

Hilo tope linafaa bustanini?
Linafaa, ni mbolea nzuri, kama hakuna kemikali iliyoingia. Lianike kwanza.

Mie nasafisha ila kijani kinarudi tu, shida nini?
Dada angalia chakula. Wape wanachomaliza ndani ya dakika chache, kinachobaki kitoe. Punguza samaki kama wamebanana, na weka kivuli sehemu ya bwawa, mwani unapenda jua.