Posho ya safari kwa mkandarasi: inakatwa kodi au haikatwi?

Kama unafanya kazi kwa mkataba na mteja anakupa hela ya nauli na chakula kila siku, anza kwa kuihesabu kama mapato halafu utoe matumizi yenye ushahidi. Kuitwa posho hakukusaidii chochote, watu wa kodi wanaangalia hela imetolewa kwa ajili gani na imeishia wapi.

Fungua mkataba usome. Kama unapewa kiasi kilekile kila siku, usafiri usisafiri, na risiti hakuna anayeuliza, hayo ni malipo yako tu. Kama unarudishiwa ulichotumia kwa risiti, sehemu nyingi unaandika hela iliyoingia, unatoa ulichotumia, inabaki sifuri. Na tafadhali usifuate ya rafiki yako aliyeajiriwa, kuna nchi mwajiriwa ana viwango vya posho visivyokatwa kodi lakini wewe wa mkataba vinaweza visikuhusu kabisa, hapa ndo watu wanaumia.

Safari yenyewe nayo ina masharti. Kutoka nyumbani kwenda sehemu yako ya kazi ya kila siku kwa kawaida haihesabiki ni safari ya kikazi. Ukikaa kwa mteja mmoja muda mrefu, pale panageuka kituo chako cha kazi cha kila siku, na nauli ya kwenda pale haihesabiki tena: Marekani kipimo ni mwaka 1, Uingereza kwa anayefanya kazi kupitia kampuni yake ni miezi 24, na huko kote hesabu inabadilika tangu siku ulipojua utapitisha huo muda, yaani ukisaini nyongeza ya mkataba angalia tarehe vizuri.

Kwenye invoisi, ada ya kazi iwe na mstari wake, nauli na malazi mistari yao, maana ukiweka jumla moja mteja anaweza kukata kodi ya zuio (ile anayoikata kabla hajakulipa na kuipeleka kwa watu wa kodi) kwenye hela yote mpaka nauli. Mi naona bora zaidi mteja alipie tiketi na hoteli mwenyewe moja kwa moja, hela isipite kwako kabisa.

Risiti piga picha siku hiyohiyo, wino unafutika, na uandike ulienda wapi, kwa mteja gani, kufanya nini. Kama ushapokea posho za nyuma bila risiti, tenga kabisa hela ya kodi yake na umwone mhasibu kabla ya tarehe ya kupeleka ritani, ile taarifa ya mapato yako kwa watu wa kodi.