Bastola Ikigoma Mashindanoni: Maandalizi kwa Mpiga Shabaha wa Malindi

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi mwenye koleo moja siku hiyo hafui kitu. Katika mashindano ya bastola, taima ikishalia muda unakwenda hata kama slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele, imekwama nusu njia. Kwa kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo, bastola yako ikigoma baada ya ishara ya kuanza hupewi nafasi ya kurudia steji, yaani zoezi moja la mashindano. Unahesabiwa ulichopiga tu. Anayetoka Malindi ana mzigo wa ziada. Bastola yake inalala kwenye hewa ya chumvi mwaka mzima, na huenda uwanja wenyewe ukawa Kirigiti kule Kiambu, karibu kilomita 600 kwa barabara. Springi uliyoisahau mezani hairudiwi.

Magazini kwanza

Bastola ikikwama watu huitazama bastola. Tazama magazini kabla, kile kisanduku kinachobeba risasi. Ndiyo sehemu inayoangushwa mchangani, inayokanyagwa na inayosahauliwa wakati wa kusafisha.

Ziandike namba zote kwa maka peni, kwenye kitako. Bila namba hutajua kama tatizo ni la bastola au la magazini moja. Risasi zikikwama mara mbili na zote ni magazini namba 3, itoe kwenye mashindano, usibishane nayo. Kila ikikwama kwa magazini tofauti, hapo ndipo uanze kuishuku bastola.

Fungua kila magazini. Toa springi, uilinganishe urefu na springi mpya ya aina hiyo hiyo. Springi iliyochoka ina dalili mbili zinazojulikana: slaidi haibaki wazi baada ya risasi ya mwisho, au risasi mbili za mwisho zinainamisha pua na kugonga ukuta badala ya kuingia chemba, tundu la mtutu ambamo risasi hukaa. Kisha angalia midomo ya magazini, zile kingo mbili zinazoishika risasi. Ikiwa upande mmoja umepanuka au una ufa, usijaribu kuuminya kwa koleo. Hiyo magazini iwe ya mazoezi tu, au itupwe.

Ndani usipake mafuta. Mafuta hushika mchanga, na mchanga wa pwani ni mwembamba, unapenya kila mahali. Futa springi kwa kitambaa chenye dalili tu ya mafuta, halafu ifute tena kwa kitambaa kikavu. Kipande cha kanga iliyochakaa kinafaa kuliko kitambaa kipya, kwa sababu pamba yake haiachi nyuzi.

Ngapi za kubeba? Steji ndefu ya IPSC inaweza kufika risasi 32. Daraja la mashindano linaloruhusu risasi 15 kwa magazini linakulazimu kuwa na tatu hata usipokosa shabaha moja. Mtu hukosa, na magazini huanguka matopeni. Beba sita: moja ya kuanzia, nne kiunoni, moja mkobani.

Chumvi, unyevu na mafuta

Wakati wa kusi, upepo unaotoka baharini huleta unyevu wenye chumvi mpaka ndani ya kabati. Kutu huanza pale usipoangalia: kwenye skrubu za kilengeo, springi za ndani, na chini ya vishikio. Usiiache bastola ndani ya ala ya ngozi usiku kucha. Ngozi hunywa jasho na unyevu, halafu huukandamiza kwenye chuma. Ihifadhi sandukuni pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ubadilishe vifuko hivyo vikilowa.

Kiyoyozi nacho kina mtego wake. Bastola iliyolala chumba cha baridi ikitolewa nje kwenye joto la Malindi hutoka jasho kama soda ya friji. Iache ndani ya sanduku lililofungwa mpaka ipate joto la nje, ndipo ufungue na kuifuta.

Sasa mafuta. Mafuta ya nazi ni ya nywele na mchuzi. Huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo bastola iliyoteleza vizuri Malindi inaweza kuamka Nairobi mwezi wa Julai ikiwa na uji mweupe kwenye reli za slaidi. Mafuta ya kupulizia ya kulegeza kutu nayo si ya kulainisha bastola, na yakifika kwenye fataki, kile kidude kitakoni mwa risasi kinacholipuka kikigongwa, yanaweza kuiua. Tumia mafuta ya bunduki: tone moja kila reli, tone moja mahali mtutu unaposuguana na slaidi, basi. Tundu la pini inayopiga fataki liwe kavu kabisa. Mafuta humo hugeuka tope, pini inapoteza kasi, na fataki inaguswa bila kulipuka.

Vipuri na skrubu

Springi inayorudisha slaidi ni kipuri cha kuisha, kama tairi. Wapigaji wengi wa milimita 9 huibadilisha kati ya risasi 3,000 na 5,000. Kitabu cha bastola yako kikisema vingine, kifuate. Andika hesabu ya risasi kwenye daftari, maana kichwa hudanganya. Zingine za kubeba: springi ya kifyatulio, kijino kinachong'oa ganda la risasi pamoja na springi yake, na pini ya kupigia. Kila aina ina udhaifu wake. Wenye bastola za CZ za ukoo wa 75 hubeba pia kishikizo cha slaidi, kwa sababu hicho ndicho huwa kinakatika. Mwenye Glock ahakikishe ana panchi ya inchi 3/32, kijiti cha chuma cha kusukumia pini, vinginevyo vipuri vyake ni mapambo.

Kifaa kipya usikifunge usiku wa kuamkia mashindano. Baada ya kubadilisha chochote, piga angalau risasi 100 mazoezini, zile zile utakazotumia siku yenyewe, ukizungusha magazini zote.

Skrubu za kilengeo na za ala hulegea kwa mtikisiko. Zisafishe kwa spiriti ziwe kavu, tia gundi ya skrubu ya bluu, kaza, uiache saa 24. Nyekundu usiiguse, itahitaji moto kufunguka. Kisha chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kuanzia kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kilicho kando yake. Mstari ukivunjika umejua imezunguka, bila kushika bisibisi. Kilengeo cha nukta kina betri, mara nyingi CR2032: weka mpya wiki ya mashindano na ubebe nyingine.

Risasi zenyewe

Fungua bastola ikiwa tupu, toa mtutu, na udondoshe kila risasi ya mashindano ndani ya chemba yake. Inayofaa huingia hadi mwisho kwa mlio wa “tik”, huzunguka ikisukumwa kwa kidole, na hutoka yenyewe ukiinamisha mtutu. Inayong'ang'ania iweke kando. Kazi hii inachosha kwa risasi 200, na bado ni nafuu kuliko kupiga slaidi ngumi mbele ya watu. Tazama na fataki: iliyochomoza kidogo inaweza kuzuia slaidi kufunga.

Beba nusu zaidi ya idadi iliyotangazwa, ila usivuke kiasi kilichoandikwa kwenye cheti chako. Wala usiziache kwenye buti la gari juani.

Ikikwama taima ikiwa inakwenda

Mambo mawili hayabadiliki hata ukiwa na haraka. Mtutu ubaki mbele, usivuke nyuzi 90 kutoka mwelekeo wa katikati ya ukuta wa nyuma unaozuia risasi. Na kidole kiwe nje ya kikingio cha kifyatulio muda wote unaposhughulikia mkwamo. Kuvunja moja kati ya hayo si kupoteza pointi, ni kutolewa kwenye mashindano.

Umefyatua, hakuna kilicholipuka: gonga kitako cha magazini kwa nguvu, vuta slaidi hadi mwisho na uiachie, endelea. Ganda limesimama kwenye dirisha la kutolea maganda kama bomba la moshi: ni hayo hayo. Usifunike dirisha kwa kiganja unapovuta, risasi iliyomo inaweza kulipukia mkononi.

Risasi mbili zimegombania chemba: hapo kugonga hakusaidii. Funga slaidi nyuma, ng'oa magazini, vuta slaidi mara tatu, weka magazini nyingine, vuta, endelea. Kwa mazoezi ni sekunde chache. Fanya hivyo nyumbani kwa risasi bandia zisizo na baruti wala fataki, chumba kisicho na risasi halisi hata moja.

Risasi imelia “pff” badala ya kishindo, na mkono haukusukumwa: simama. Huenda kichwa cha risasi kimebaki mtutuni, na risasi inayofuata inaweza kuupasua. Afisa wa uwanja akikusimamisha kwa shaka hiyo na mtutu ukakutwa safi, utarudia steji. Ukikutwa umeziba hurudii, lakini vidole vyako vipo.

Fimbo ya kusafishia au chombo kingine chochote hakiruhusiwi kuondolea mkwamo ndani ya steji. Adhabu yake ni sifuri kwa steji nzima. Una dakika 2 za kuondoa mkwamo. Zikipita, mtutu ukiwa bado mbele, mwambie afisa asimamishe. Ukarabati ufanye eneo la usalama, na huko usishike risasi, hata zile bandia.

Mkobani usikose pia: mswaki mkavu wa kusugulia magazini iliyoanguka, miwani ya pili, plagi za masikio za sponji kwa siku ambayo betri za vikinga masikio zimekufa, na tepu.

Bastola ya pili

Wengi huiwaza kwanza, na ndiyo yenye mashaka zaidi. Kanuni zinataka utumie bastola ile ile mashindano yote. Kuibadilisha ni mpaka ya kwanza iwe imeharibika au si salama, na mkuu wa uwanja akubali kabla hujaishika. Kuazima ya rafiki ni jambo jingine tena: nchini Kenya bastola hufuata cheti, si urafiki. Waulize waandaaji wakati wa kujiandikisha, upate jibu kwa maandishi. Ikiwa unayo ya pili kwenye cheti chako, iwe ya aina moja na ya kwanza ili magazini na ala zishirikiane, na uwe umerekebisha kilengeo chake kwa risasi zile zile.