Jinsi ya kutengeneza kimea cha ulezi cha kulainishia uji wa mtoto

Tumbo la mtoto mwenye kilo 8 hubeba takribani mililita 240 kwa mlo mmoja, hata kikombe cha robo lita hakijai. Ukimpa uji mwepesi, ameshiba maji. Akina mama ninaokutana nao siku za kliniki wananunua unga mzuri kwa hela ya kubana, halafu wanakoroga vijiko viwili kwenye sufuria nzima, kwa sababu uji mzito mtoto anautema. Na kweli anashindwa kuumeza. Hapo ndipo kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kinaposaidia.

Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyokatakata wanga. Ukitia kijiko kimoja cha kimea kwenye uji uliokaza, unalegea huku unauona, bila kuongeza tone la maji.

Tumia ulezi. Mtama uache, maana machipukizi yake yana sumu ya sianidi.

Hatua ya 1: Chambua ulezi nusu kilo, toa mawe, pepeta, osha mpaka maji yatoke meupe. Punje zenye ukungu tupa. Loweka usiku kucha kwenye maji safi.

Hatua ya 2: Asubuhi chuja, tandaza ulezi kwenye kitambaa safi cha pamba kilicholowa, funika kwa kingine, weka mahali penye kivuli na joto. Nyunyizia maji asubuhi na jioni, na kila mara ugeuzegeuze kwa mkono mkavu ulionawa. Siku ya pili au ya tatu utaona vimizizi vyeupe, vyembamba kama uzi. Vikikaribia urefu wa nusu sentimita, acha kumwagilia.

Hatua hii ndiyo inayoharibu kazi. Mara yangu ya kwanza nilirundika ulezi tabaka nene, na wiki ile kulikuwa na mawingu. Nilipofunua, harufu ilikuwa ya uvundo na katikati pamekuwa na utando wa kijivu. Nilimwaga wote. Kupika hakuondoi sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo tandaza tabaka jembamba, na ukisikia harufu mbaya usijishauri.

Hatua ya 3: Anika kwenye jua kali, juu ya mkeka safi ulioinuliwa kutoka chini, kuku wasifike. Ulezi uliokauka vizuri ukiung'ata unalia. Usiukaange, moto unaua vimeng'enya.

Mama mkwe aliponikuta naanika aliniuliza kwa wasiwasi, "Mwanangu, unapika pombe?" Nikamwambia, "Hapana mama, ni unga wa mjukuu wako." Pombe hutokea kimea kikichachushwa kwa siku kadhaa. Hiki tunakisaga kikiwa kikavu.

Hatua ya 4: Sugua kwa viganja vimizizi vidondoke, pepeta, twanga au saga, chekecha. Hifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Hatua ya 5: Sasa uji. Kwa maji kikombe kimoja cha mililita 250, tumia unga wako wa kawaida wa uji, siyo kimea, vijiko vitano vya chakula vilivyosawazishwa. Koroga kwanza kwa maji ya baridi, pika ukikoroga mpaka uive kabisa. Utakuwa mzito, karibu na ugali laini. Usiogope.

Epua. Subiri upoe mpaka uweze kuonja bila kuungua ulimi; kimea kikiingia kwenye uji unaochemka hakifanyi kazi. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga dakika tano hadi kumi. Mwanzoni mwiko unavuta kwa shida, kisha ghafla unateleza. Rudisha jikoni, uchemke tena dakika chache ili vijidudu vilivyoingia wakati wa kuotesha vife.

Ukishachemka ongeza karanga zilizosagwa laini kabisa, au maziwa, au kijiko cha chai cha mafuta. Asali hapana kabla ya mwaka mmoja.

Mpe mtoto aliyetimiza miezi 6, kwa kikombe na kijiko, huku ukiendelea kumnyonyesha. Anayeanza, vijiko viwili vitatu vinatosha. Pika wa kutosha mlo mmoja, na anaobakiza kikombeni usimwekee wa baadaye.